Akaunti ya Shangazi

Katika kila ukoo kuna mtu aliyewahi kumfungulia mwenzake baruapepe, na tangu siku hiyo hajapumzika. Kwetu mtu huyo ni mimi. Nimeshakausha simu zilizotumbukia msalani, nimeshatakiwa nitafute picha za harusi ndani ya simu ambayo mwenyewe kaiuza, na kila Idi nikifika Tanga napokewa kwa chai, mkate wa kumimina na simu ya mtu. Basi shangazi aliponiita kwake, mtaa wa Ngamiani, nimfungulie akaunti kwenye mtandao wa kijamii, ili atangaze achari yake, nilikwenda nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa sharti lake.

"Baba," alisema (ananiita baba kwa kuwa nimerithi jina la baba yake, na cheo hicho hunipa anapotaka kunituma), "nataka ya usalama. Sitaki yanikute ya jirani."

Ya jirani mtaa mzima unayajua. Alipigiwa simu na kijana mwenye sauti ya adabu, akijitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja, akamwomba amsomee tarakimu sita zilizoingia kwenye ujumbe. Jirani akasoma, tena akarudia polepole, maana kijana alidai hasikii vizuri. Kuanzia jioni ile akaunti yake ikawa inakopesha watu fedha bila dhamana, inauza dawa ya nguvu za kiume, na inamwomba imamu wa msikiti elfu hamsini ya haraka. Imamu alituma thelathini, akaomba radhi kwa upungufu.

Jina la shangazi halikutupa taabu. Tarehe ya kuzaliwa ndiyo. Shangazi anachojua ni kwamba Uhuru wa Desemba 1961 ulimkuta anatambaa. Mengine aliyaandika karani, na karani alipenda 1 Julai. Nikamweleza kwamba tarehe hiyo haifai kuonekana na kila mtu, kwa sababu matapeli huitumia wakijifanya wewe mbele ya benki au kampuni ya simu.

"Mimi mwenyewe siijui," akasema. "Sasa huyo atakayeiiba, ndiyo ataniletea?"

Nikaificha bila kujibu.

Kwenye nenosiri ndipo alasiri yetu ilipoishia. Mtandao ulitaka herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama. Masharti ya namna hii yana kisa chake. Mengi yametokana na mwongozo ulioandikwa mwaka 2003 na Bill Burr, mfanyakazi wa taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani. Mwaka 2017, akiwa ameshastaafu, mzee huyo alisema anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika, na mwaka huohuo taasisi yenyewe ikatoa mwongozo mpya unaothamini urefu wa nenosiri kuliko mapambo. Sababu ni kwamba mtu akilazimishwa kupamba hupamba kama wenzake: herufi kubwa mwanzoni, moja mwishoni, alama ya mshangao ya kusindikiza. Asipolazimishwa ni balaa jingine. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou iliibiwa maneno ya siri ya wateja yapatayo milioni 32, na lililoongoza kwa kupendwa lilikuwa 123456. Ngamiani naamini lingeongoza Bismillah, na jina la kifungua mimba likafuata nyuma yake.

Nikamshauri shangazi achague maneno mengi, marefu, ambayo yeye hawezi kuyasahau na wengine hawawezi kuyabahatisha. Akafikiri. Uso ukamchangamka.

"Kanga," akasema. "Ninazo sanduku zima, na zote zina maneno."

Kwa dakika kadhaa nilimwona shangazi yangu ni bingwa wa usalama wa mitandao. Kanga zimebeba maandishi tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Maneno yake ni marefu, yeye anayajua kwa moyo, na sidhani kama mdukuzi wa ng'ambo amewahi kukaa barazani akayasoma. Alichagua jina moja kali, la kumsema mke mwenza aliyekwisha kuachika. Nikaliandika. Alama ya kijani ikatokea: nenosiri ni imara. Shangazi akaridhika, akainuka kwenda kutazama chungu chake jikoni, na alipogeuka nikaliona nenosiri lote nyuma yake kwenye pindo, kwa herufi kubwa nyeusi, linasomeka kutoka barabarani.

Tukabadili. Safari hii nilitaka maneno manne yasiyohusiana kabisa, yapangwe tu kama yalivyokuja. Shangazi akayataja kwa sauti ileile anayomwitia mjukuu aliyevuka mtaa. Mimi naandika, yeye anataja, na pale nilipokosea herufi, mwanamke mmoja upande wa pili wa ukuta wa uani akanisahihisha.

"Ni kinu, kaka. Si kina."

Tukabadili tena. La mwisho liliandikwa chumbani, mlango umefungwa, kwa kunong'ona, mpaka binti yake akaja kubisha kuuliza mgonjwa ni nani.

Halafu yakaja maswali ya siri. Mitandao mingi imeyaacha, lakini ile baruapepe yake ya zamani tuliyokuwa tunaiunganisha bado inayaenzi. Jina la mama yako kabla ya kuolewa? Kwetu mama haolewi akaacha jina la baba yake, na jina lenyewe husomwa kila mwaka kwenye hitima kwa kipaza sauti. Shule ya msingi uliyosoma? Alisoma na nusu ya mtaa. Mnyama wako wa kwanza alikuwa anaitwaje?

"Paka."

"Jina lake, shangazi."

"Si nimekwambia, paka!"

Maswali haya ni mlango wa nyuma. Mwaka 2008 kijana mmoja aliingia kwenye baruapepe ya Sarah Palin, aliyekuwa anagombea umakamu wa rais wa Marekani, kwa kujibu maswali ya aina hiyohiyo, majibu akiwa ameyaokota mtandaoni. Na yule mama hafanyiwi hitima kila mwaka. Ndiyo maana wajuzi hushauri uyajibu kwa uongo, uongo wenyewe uukumbuke. Nilipomweleza shangazi, akavuta ushungi.

"Niidanganye mashine? Kesho kiama ije inishuhudie?"

Ikabaki paka.

Mtandao nao ulikuwa na shaka zake juu yetu. Ukataka shangazi athibitishe kwamba yeye si roboti. "Nimezaa watoto sita," aliuambia, "roboti gani huyo?" Zikaja picha, achague zenye mabasi, akauliza ni ya mikoani peke yake au na daladala. Zilizofuata zilitaka mabomba ya zimamoto, yale mafupi yaliyosimikwa kandokando ya barabara za Marekani. Shangazi hajapata kuliona la namna hiyo maishani mwake. Akayapita yote, akachagua mtu mfupi aliyevaa nyekundu.

Kinga ninayoiamini kuliko nyingine ni uthibitisho wa hatua mbili. Hata mtu akikuibia nenosiri, anakwama, kwa sababu mtandao unamtaka pia namba ya muda inayokwenda kwenye simu yako. Kwa shangazi swali lilikuwa simu ipi, na laini ya nani. Wakati ule wa kusajili laini kwa alama za vidole, ambao mwisho wake ulikuwa 20 Januari 2020, mashine ilivikataa vidole vyake. Miaka ya kukuna nazi na kusaga pilipili ilikuwa imevilainisha. Laini ikasajiliwa kwa kidole cha mwanawe mkubwa, ambaye sasa yuko Muscat. Maana yake laini ikipotea au ikitekwa, mwenye haki ya kwenda kuidai ni mtu wa Oman, na likizo yake ni kila baada ya miaka miwili.

Isitoshe, laini hiyo haikai kwenye simu janja. Inakaa kwenye kitochi, kwa kuwa ndimo zilimo pesa, na kitochi siku hiyo alikuwa nacho mjukuu aliyetumwa mkaa. Namba ikatumwa. Tukampigia atusomee. Kwenye kitochi kusoma ujumbe huku unaongea ni kazi ya fundi, kwa hiyo akakata ili asome, akasoma, akakuta hana salio la kutupigia. Mtoto mwenye akili, akaamua kukimbia nyumbani, na ili asisahau akawa anaimba tarakimu kwa sauti njia nzima. Tulimsikia kabla hajatokea. Nyuma yake vijana wa bodaboda kwenye kona walikuwa wanaitikia. Alipotufikia muda wa namba ulikuwa umekwisha, na kwa hali ile tulimshukuru Mungu.

Nikaachana na ujumbe mfupi, nikamwekea programu inayotoa namba hizo ndani ya simu janja yenyewe, bila laini. Zile namba za akiba za kutumia simu ikipotea, sikuzipeleka steshenari zikachapwe, maana kila kinachochapwa pale hubaki kwenye kompyuta yao milele. Niliziandika kwa mkono, shangazi akazitia ndani ya birika la udongo kwenye kabati la vyombo vya wageni. Hakuna mahali salama kuliko hapo katika nyumba ya Mswahili. Hata wageni hawavipati vyombo vile.

Kufika magharibi akaunti ilikuwa hai, na kabla ya isha tapeli alikuwa ameshabisha. Ulikuja ujumbe kutoka akaunti yenye picha ya mpwa wake wa Dar, anamwita shangazi kwa heshima zote, amebadili namba, amekwama, anaomba laki moja kwenye namba hii, jina litakuja la rafiki yake. Nilinyoosha mkono nifute. Shangazi akanipiga kofi la vidole.

"Mtu hajasalimiwa unamfukuza?"

Akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Hujambo mwanangu. Watoto hawajambo. Mkeo. Wakweo. Yule mdogo aliyekuwa na pumu. Tapeli akajibu wote wazima. Shangazi akauliza kuhusu nyumba, mvua, bei ya mchele. Tapeli, nadhani jasho likimtoka, akajibu yote mema, akakumbusha ile laki. Shangazi akauliza, na mama yako je? Anaendelea vizuri, tapeli akaandika, anakusalimu sana.

"Nami namsalimu," shangazi akaandika. "Mwambie Jumapili tunakwenda kulifyeka kaburi lake."

Kimya. Tukatuma neno UTAPELI kwenda 15040, namba ya kuripotia matapeli, kisha ile namba aliyotaka itumiwe fedha, shangazi akarudi kwenye achari yake. Nasema kweli, sijaona programu inayomchunguza mtu kama salamu za mwanamke wa Tanga. Mtandao unauliza mnyama wako wa kwanza; shangazi anauliza nani amefariki.

Tatizo lilijitokeza kesho yake asubuhi. Baada ya yule tapeli nilikuwa nimefunga kila pazia: picha waone marafiki tu, namba ya simu isionekane, mahali anapoishi pasitajwe, asiyemjua asiweze kumtumia ujumbe. Shangazi akatia picha ya chupa za achari ya maembe, akasubiri. Walioipenda walikuwa mimi na binti yake.

"Baba," akaniambia, "umenifungia duka wezi wasiingie, na wateja umewaacha nje."

Alikuwa na haki. Anayeuza anataka kujulikana. Nikamweleza kwamba watu wa biashara hutenganisha: akaunti ya mtu na jamaa zake, na ukurasa wa duka wenye namba yake peke yake, laini ambayo hata ikichezewa haina pesa ndani. Akakubali. Jina la ukurasa alikuwa nalo tayari, la achari, la shangazi na la Tanga. Nikaliandika. Mtandao ukasema jina hilo lina mwenyewe.

Tukaufungua huo ukurasa wa mwenyewe. Ulikuwa na picha ya shangazi amesimama mlangoni kwake, namba ya nyumba inaonekana. Chini yake majina yake yote matatu, namba ya ile laini ya pesa, barabara anayokaa, saa anazokwenda sokoni, na keki ya 1 Julai yenye maneno ya kumpongeza mama kwa siku yake. Shangazi alimwita binti yake, na hakumwita kwa kunong'ona.

"Niliufungua mwaka jana, mama, ili nikusaidie," binti akasema. "Halafu nikasahau."

"Na paswedi yake?" nikauliza.

"Jina la mama, na moja mbili tatu."

Nilianza kueleza ni kitu gani kifutwe kwanza, lakini shangazi alikuwa ameshaninyang'anya simu na kuingia kwenye ujumbe uliorundikana, ambao haukujibiwa tangu Ramadhani iliyopita. "Subiri wewe na usalama wako," akasema, akisogeza miwani. "Kuna mtu wa Pongwe hapa anataka ndoo mbili za ndimu. Mjibu, baba. Mwanzie na salamu."