Sifa za Pikipiki Isiyowaka Asubuhi

Kusifu kitu kinachofanya kazi ni uvivu. Taa inayowaka inajisifu yenyewe. Mimi nataka kumpa heshima yake mtukufu asiye na mshairi: pikipiki kuukuu ya kabureta, ya kupiga kiki, niliyokabidhiwa na ofisi ili niwafikie wakulima wa viazi na parachichi huku Njombe, ambako mwezi wa Julai sakitu hulala juu ya majani na watu wanasalimiana huku wakitoa moshi mdomoni.

Fadhila ndogondogo tuzimalize kwanza. Haiibiki, kwa sababu mwizi anahitaji kuondoka haraka, na hii haijapata kumwondoa mtu haraka. Inaokoa mafuta, maana chombo kisichotembea hakinywi. Ni salama, kwani ajali ni za barabarani na yenyewe muda mwingi iko uani. Tena inapasha mwili joto: wenzangu wanahangaika na majaketi ya mitumba, mimi napiga kiki na kitambo kidogo nimeshavua sweta.

Lakini fadhila yake kuu, inayostahili kuandikwa kwa wino wa dhahabu, ni kwamba inaheshimu utaratibu.

Huyu ni mtumishi wa umma aliyekamilika. Hali rushwa, hatishwi na cheo, na kwamba mkutano ni saa mbili haimhusu. Anachotaka ni hatua zifuatwe. Fungua koki ya mafuta, ngoja bakuli la kabureta lijae. Vuta choki. Swichi ikiwa imezimwa, sukuma kiki taratibu, tena na tena, injini ivute mafuta na oili iliyozubaa kwa baridi ianze kusogea. Sasa washa swichi. Tafuta pale kiki inapokuwa nzito, ipitishe kidogo, kisha ishukie kwa uzito wako wote, mkono wa kulia ukiwa mbali na eksileta. Ukishikwa na tamaa ukaivuta eksileta, umeruka hatua: mafuta yanazidi, plagi inalowa, na ombi lako linarudishwa kwako bila maelezo. Hapo utafunga koki, utarudisha choki, utafungua eksileta yote na kupiga kiki mpaka mafuta ya ziada yatoke. Halafu unaanza upya, kwa adabu.

Wala hiyo si jeuri. Petroli ikiwa maji haiungui, kinachoungua ni mvuke wake. Kwenye baridi petroli huchelewa kuwa mvuke, na hata kidogo kinachopatikana hugandia kwenye kuta za njia ya hewa kabla ya kufika kwenye silinda. Ndiyo maana choki inabana hewa, mafuta yawe mengi kupita kawaida, ili sehemu yake tu ikigeuka mvuke itoshe. Oili nayo ikiwa nzito, injini inazunguka kwa kujivuta, na sumaku inayozunguka polepole hutoa moto hafifu. Juu ya hayo, Njombe iko kwenye kimo cha kama mita 2,000, ambako hewa imepungua kwa takriban moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam. Kwa hiyo mheshimiwa huyu alfajiri analia njaa ya mafuta, na akishapata joto anavimbiwa na mafuta yale yale, anakohoa moshi mweusi na kudai choki irudishwe mara moja. Kila kipengele cha kanuni zake kina sababu. Niambie ni kanuni gani nyingine unazozijua zenye sifa hiyo.

Injini yenyewe ni ya ukoo mzuri. Inatokana na Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, ambayo pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria vijijini kwetu zimeiga injini yake. Ilibuniwa kwa ajili ya nchi zenye barabara mbovu, iwavumilie watu wasioitunza. Waliobuni hawakuambiwa tu ni watu gani.

Pikipiki hii pia inakusanya wananchi. Nikifika kiki ya kunitoa jasho, ukutani wameshaegemea wataalamu. “Kamwene, bwana shamba. Hiyo ni plagi.” Mwenzake anatikisa kichwa: plagi wapi, hiyo ni kabureta. Wa tatu, ambaye hajamiliki hata baiskeli, anasema ni baridi, naye ndiye pekee anayeukaribia ukweli. Kisha anaitwa fundi. Fundi anafungua kabureta, anaipuliza kwa mdomo, anaiangalia kwenye jua kama anayehakiki noti, halafu anachukua waya wa breki ya baiskeli na kuanza kuchokonoa pailoti jeti. Waya wa breki! Tundu lile ni jembamba kuliko nusu milimita, limetobolewa kiwandani kwa kipimo, na kipimo hicho ndicho tofauti ya kuwaka na kutowaka. Ukilipanua umeiharibu jeti moja kwa moja, na fundi atakuambia sasa ununue kabureta nzima, anayo moja ya kwake, “orijino.” Samahani. Nilikuwa nasifu.

Sifa nyingine zimwendee muuza petroli ya chupa. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasiwe na faida kuyachanganya na mafuta ya magari, na bibi zetu wenye vibatari wakailipia vita hiyo. Maji bado hayajatozwa, basi sasa anatutilia hayo. Kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, yanatulia chini ya bakuli la kabureta, pale pale jeti inapochota, na asubuhi ya baridi unapiga kiki ukiiomba injini iwashe maji. Dawa yake ni kulegeza skrubu ndogo iliyo chini ya bakuli na kuyamwaga, kazi ya dakika moja kwa mwenye bisibisi.

Ninachokipenda kuliko vyote ni plagi, kwa sababu haifichi kitu. Ifungue uiangalie ncha. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yamefika lakini yamezidi, au moto haupo. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayajafika, kaangalie koki na jeti. Ikiwa nyeusi kwa masizi makavu, mchanganyiko una mafuta mengi mno. Ikiwa ya kahawia kama udongo wa bondeni, afya ni njema, shida iko kwingine, pengine vali zimebana. Pikipiki imekukatalia, sawa, lakini imekuandikia sababu.

Plagi yangu imeniandikia kwa lugha rahisi: nimechakaa, nibadilishe. Nikaandika dokezo kuomba plagi moja na pailoti jeti moja. Nikaambiwa nilete profoma tatu. Nauli ya kufuata profoma tatu mjini inazidi bei ya plagi, lakini nikazileta. Nikaambiwa bajeti haijashuka. Iliposhuka, jalada halikuonekana masijala. Jalada lilipoonekana, mwenye kusaini alikuwa kwenye kikao. Kikao kilipokwisha, likawa liko kwenye mchakato, na huko mchakatoni ndiko liliko, likiwa salama, mimi nikipewa fomu ya kueleza kwa nini idadi ya wakulima niliowatembelea imepungua.

Wakati nikiijaza fomu hiyo, nje ya dirisha gari la mkubwa lilikuwa linaunguruma. Limewashwa mapema lipate joto kabla mwenyewe hajatoka, dereva amelala ndani na vioo vimepandishwa. Gari lile halina choki wala kabureta. Kompyuta yake inajua yenyewe kwamba kuna baridi, inaongeza mafuta inavyotaka. Mafuta hayo hayaombewi profoma. Kwa yanayoungulia pale pale bila gurudumu kuzunguka, wiki haipiti kabla hujanunua plagi yangu, na ya akiba.

Nimejaribu kuichunguza ofisi yetu kwa njia niliyofundishwa na pikipiki, hatua kwa hatua: kama mafuta yanafika, kama moto upo, kama njia ya hewa imeziba. Mafuta yanafika, nimeyaona yanaunguruma dirishani. Ila sijaona pa kuingiza spana ya plagi.

Kwa hiyo napendekeza, kwa heshima na taadhima, pikipiki hii ipandishwe daraja na ikaimu nafasi ya mwenye kusaini. Wakulima watacheleweshwa kama wanavyocheleweshwa sasa, na utaratibu utafuatwa bila kuruka hata hatua moja. Tofauti ni kwamba jua likipanda, kwenye saa tatu hivi, kuna kitu ofisini kitakachowaka.