Mkemia Mkuu wa Nyumba Yetu

Wenzangu mnaoishi na mabinti wa kidato cha tatu wanaosoma kemia, poleni sana. Wa kwangu anaitwa Nasra, lakini tangu mwalimu wao awafundishe kusoma maandishi ya nyuma ya makopo ya vipodozi, humu ndani tunamwita Mkemia Mkuu. Kama yule wa Serikali, akishatoa majibu ya vipimo huna pa kukata rufaa.

Alianzia kwenye meza ya vipodozi ya mama yake. Mimi nilikuwa sebuleni natazama mpira, sina hili wala lile, mara nikaona makopo yanapangwa mkekani mbele ya televisheni. Mke wangu, ambaye namwita Msemaji wa Mwisho kwa sababu unazozijua wewe uliyeoa, alikuwa kasimama mikono kiunoni. Nikajua sasa mtoto anafukuzwa. Wapi! "Endelea," akasema, "na vya baba yako vilete."

Mpira nikauaga hapo hapo.

Msimamo wa Mkemia Mkuu ni kwamba mbele ya kopo ni matangazo, nyuma ndiyo ushahidi. Akachukua losheni ya mama yake, ile ya bei ya kutisha yenye picha ya jani la alovera linalodondosha utomvu, akaigeuza. Viambato, akatueleza, huandikwa kwa uzito: kilicho kingi kinatangulia, kilicho kidogo kinafuata, na vile visivyofika asilimia 1 mwenye kiwanda anavipanga apendavyo. Cha kwanza kilikuwa Aqua. Maji! Nikapiga hesabu kimoyomoyo nikaona kwa pesa ile ningeita boza la maji safi na chenji ingebaki. Alovera yenyewe, Aloe barbadensis, tuliisaka mstari kwa mstari. Tuliikuta mkiani, nyuma ya manukato, nyuma hata ya dawa ya kuzuia kuoza. Imetiwa tone tu, ipate haki ya kupigwa picha.

Hapo ndipo Balozi alipotoka chumbani. Balozi ni mama mkwe wangu. Alikuja kutoka Unguja kututazama kabla ya Ramadhani. Idi imeliwa ikapita, na bado tunatazamwa. Akainama juu ya mkeka, akadonoa kopo moja kwa kidole.

"Na huyu Cocos nucifera ndiye nani?"

"Nazi, bibi."

"Nazi! Imebatizwa lini?"

Basi akaona amepata ushindi. Akatuhutubia kwamba visiwani hawahitaji makopo: wana liwa, wana singo iliyotiwa asumini na mlangilangi, wana mafuta ya nazi ya kujipikia, na uso ukitoa madoa unasuguliwa ndimu, basi. Msemaji wa Mwisho akawa anaitikia kwa kichwa. Mimi pia niliitikia, kwa maana liwa haijawahi kunigharimu mshahara.

Mkemia Mkuu akasema liwa hana ugomvi nayo, ila ndimu hapana. Majimaji ya ndimu au limau yakibaki kwenye ngozi na jua likapiga, ngozi inaungua na kuacha mabaka meusi yanayokaa muda mrefu. Hata karafuu, fahari ya Pemba, mafuta yake yana eugenoli, na kule Ulaya hicho ni kimoja kati ya viambato vya manukato ambavyo sharti vitajwe kwa jina kwenye lebo, kwa sababu wapo watu vinawawasha na kuwatoa vipele. "Bibi, kitu kuwa cha asili si cheti. Hata upupu ni wa asili."

Balozi akanyamaza. Jambo hilo mimi sijalifanikisha tangu niingie katika ukoo huu.

Ila amani haikudumu. Mwanangu wa mwisho tunamwita Tinga, kwa kuwa kila akigusacho huanguka. Balozi humpaka wanja machoni asipatwe na husuda za watu. Mkemia Mkuu akataka kuuona huo wanja. Akaeleza kuwa wanja wa jadi mara nyingi husagwa kutoka kwenye jiwe lenye madini ya risasi, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto huharibu ubongo unaokua, hata ikiwa kidogo. Tukamtazama Tinga. Alikuwa amepikicha jicho, na kidole kile kile sasa kiko mdomoni. Usiku ule Balozi alisusa, akala chumbani, ingawa alituma mara mbili aongezewe mchuzi. Suluhu ilipatikana asubuhi: Tinga anasomewa dua, wanja umefungiwa kwenye sanduku la Balozi, ufunguo anao Balozi mwenyewe. Heshima kwanza.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa na tyubu moja ya kujisugulia uso, ile yenye chembechembe za buluu, niliyoificha nyuma ya vitabu. Usiniulize waliipataje. Mkemia Mkuu akasoma, akanyanyua macho kwa huruma.

"Baba, hizi chembe ni polithini. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya rambo tarehe 1 Juni 2019, wewe unajisugua nayo usoni ikiwa imesagwa."

Nikauliza kuna ubaya gani, si zinaondoka na maji? Kumbe hapo ndipo penye ubaya. Chembe hizo ni ndogo mno kuchujwa. Kwetu sisi maji ya bafuni yanaingia mtaroni, mtaro unaingia Msimbazi, Msimbazi unaingia baharini, na samaki hawachagui cha kumeza. Marekani ilitunga sheria ya kuzizuia mwaka 2015, Uingereza ikafuata 2018. Nikamkumbuka yule changu wa Feri niliyemla Ijumaa kwa ndimu na pilipili, nikakosa raha. Siku hizi najisugua kwa dodoki. Linakwaruza, lakini halina lebo, kwa hiyo halinipeleki mahakamani.

Kilichonifurahisha kidogo ni rangi ya mdomo ya mke wangu. Karibu kila kipodozi kina picha ya kikopo kilichofunguliwa kifuniko, na ndani yake imeandikwa 6M au 12M, yaani miezi ambayo kinafaa kutumika tangu kilipofunguliwa. Rangi ile alipaka siku ya harusi yetu, Kikwete bado yuko Ikulu. Nilipotaka kutoa maoni nilitazamwa, nikaahirisha.

Sasa, mdogo wake mke wangu alikuwa anaolewa, na bibi harusi wa Pwani bila maua mikononi hajaolewa. Alitaka piko, nyeusi tititi, inayoshika upesi. Mkemia Mkuu akakunja uso. Piko nyingi mnazoziona ni dawa ya kutia nywele weusi, na ndani yake kuna kemikali inayofupishwa PPD. Ulaya wanairuhusu kwenye dawa ya nywele isizidi asilimia 2, na kupaka kwenye ngozi hawairuhusu kabisa. Inaweza kubabua mkono ukatoka malengelenge yakifuata michoro ya ua, jani kwa jani. Na mwili ukishaikataa mara moja, unaikataa maisha: miaka ishirini baadaye mtu anataka kuficha mvi, kichwa kinavimba.

Nilitarajia vita nyingine. Lakini Balozi, bila kuombwa, akavuka mstari akasimama upande wa mjukuu wake. Hina ya kweli, akasema, ni majani ya mhina, hutoa rangi ya machungwa kisha huiva ikawa hudhurungi, na inataka subira ya saa kadhaa. Hina iliyo nyeusi kama lami, ikashika kwa nusu saa, huyo si mhina. Wawili hao wakapeana mikono. Bibi harusi akalia kidogo, akaafiki, ila akasisitiza hata hiyo hina ijaribiwe kwanza, isije ikawa imechanganywa.

Kujaribu ni jambo jema. Unapaka kidogo sehemu ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko, unasubiri siku mbili. Swali likawa, mkono wa nani? Msomaji, unajua ni wa nani. Nilikwenda kazini na ua la hina kwenye mkono, na bosi wangu akaniuliza kama natarajiwa Unguja. Tangu hapo mkono wangu wa kushoto ndio maabara: sabuni, losheni, mafuta ya nywele, vyote vinapita kwangu kwanza.

Nimemwacha Shangazi Fanta makusudi, maana kwake hatukucheka sana. Jina hilo alijipa mwenyewe, uso Fanta na vidole Koka, na anapenda utani kuliko sisi sote. Alikuja kuona matayarisho ya harusi, Mkemia Mkuu akamwamkia, akamwomba pochi. Ndani kulikuwa na kikopo cha krimu ya kujichubua, kisicho na orodha ya viambato hata mstari mmoja. Kulikuwa na maelezo ya matumizi tu, na chini yake onyo: usiguse dhahabu wala fedha baada ya kupaka.

Nasra hakutania tena. Onyo la namna hiyo, alisema, mara nyingi ni dalili ya zebaki, kwa kuwa zebaki hula vito. Ikiwa imeandikwa, utaikuta kwa majina kama calomel au mercurous chloride. Inaharibu figo, na haibaki kwa anayepaka: inahamia kwenye taulo, kwenye mto, kwa mtoto anayepakatwa. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na tangu 2019 Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ndilo lenye jukumu la kusimamia vipodozi, lakini kikopo kile kilinunuliwa mchana kweupe, kwenye meza ya mtaani, kwa bei ya sahani ya chipsi. Shangazi aliuliza kitu kimoja tu: "Na watoto niliowalea?" Msemaji wa Mwisho akamshika mkono, akamwahidi kumsindikiza hospitali apimwe mkojo. Walikwenda.

Kikopo kimebaki kwetu. Kumwaga chooni haifai, kitafika kule kule kwa changu. Kuchoma na taka ndiyo mbaya zaidi, zebaki inageuka mvuke na tunaivuta. Kwa hiyo kimefungwa kwenye mfuko, kimetiwa ndani ya chupa yenye kifuniko, kimewekwa juu ya kabati, mahali nilipokuwa naweka mashati yangu, kikingoja siku manispaa itakapotutengea pa kupeleka taka za aina hiyo. Nawe ukiwa nacho, tafadhali usikichome.