Sifa za Bwana Somebody na Nduguze

Nzi alisifiwa na Lucian, upara ukasifiwa na Synesius, na mwaka 1511 Erasmus akachapisha kitabu kizima cha kuusifu ujinga. Bwana Somebody hajapata mtu. Kila mwaka anapigwa kalamu nyekundu kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne, anafutwa, anabadilishwa, anatolewa alama, na hakuna aliyewahi kusimama kumtetea. Nduguze nao ni hivyohivyo: Anybody, Everybody, Nobody, pamoja na binamu zao wasio na roho, Something, Anything na Nothing. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Mohoro, Rufiji. Nimekaa na ukoo huu vya kutosha kuzijua tabia zao, na leo nawavulia kofia.

Anayewadharau aangalie kwanza wanakutana na mtoto wakati gani. Mtoto wa Mohoro amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, hesabu kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili. Akifika sekondari anakuta figo na mmomonyoko wa udongo vyote vimehamia Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya elimu iliyoitwa Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kipande mpaka sekondari na kuendelea. Pendekezo likawekwa mahali. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walikipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakikuta taabani, na dawa ikawa kuongeza Kiingereza. Siendelei na hilo, maana hapa nasifu. Nasema tu kwamba mtoto aliyetumbukia kwenye maji hayo hajui neno la mtuhumiwa, hajui la shahidi wala la mlalamikaji, ila Somebody anamjua tangu wiki ya kwanza, na anamtumia kwa yote matatu.

Kuna siku niliingia darasani nikakuta kiti kimeegemezwa ukutani, kimevunjika mguu. Mguu wenyewe ulikuwa umelazwa juu ya meza yangu kwa heshima zote, pembeni yake misumari miwili iliyopinda. Nikauliza kwa Kiingereza, kama sheria za shule zinavyotaka, nani kakivunja. Darasa kimya. Kisha akasimama binti mmoja wa dawati la mbele, akasafisha koo, akasema: "Sir, is somebody." Nikamrekebisha: "It is somebody." Akarudia vizuri. Nikamuuliza huyo somebody ni yupi. Akafikiri, akatazama wenzake, akajibu: "Sir, nobody knows somebody." Nikakaa chini. Kiima kipo, kitenzi kina "s" yake, yambwa ipo, na siri ya darasa haijatoka. Nilimpa alama zake zote, na kiti kikatengenezwa kwa fedha ya mwalimu.

Wanaosema ukoo huu ni wa kukariri tu hawajawahi kula nao. Kitabu kinasema Something ni wa sentensi za kukubali, Anything ni wa kukanusha na kuuliza. Mwanafunzi anaandika, anakariri, analala. Kesho yake anakutana na "Would you like something to eat?" Ni swali, na Something kakaa humo kwa raha zake. Darasa huwa linalalamika kwamba Mwingereza hana msimamo. Lakini ukilipeleka suala hilo kwa bibi yeyote wa Mohoro, atalielewa bila ubao. Ukiingia uani kwake saa saba mchana hakuulizi kama una njaa. Anakuletea maji ya kunawa, ndipo anauliza habari za nyumbani. Wali umeshaiva, kambale ameshaungwa nazi, na akikuuliza ni adabu tu, jibu lako analo tayari. Something ni swali la mwenye sufuria jikoni anayetegemea useme ndiyo. Anything haahidi kitu. Huenda kipo, huenda hakipo, sema tukaangalie. Watu wanaosifika kwa chai na biskuti mbili wameuficha ukarimu wao kwenye silabi moja, na mitihani inatoza alama moja kwa atakayekosea.

Halafu kuna suala la mpangilio. Kiingereza hutanguliza sifa: "big fish", "hot tea". Mtoto aliyezoea samaki mkubwa na chai ya moto anaona dunia imepinduka. Akifika kwa Something, sifa inarudi nyuma ilikozoea kukaa: "something hot", "somebody important". Kitu cha moto, mtu mkubwa. Hapo hata mvivu wa darasa anapata, kisha ananiuliza kwa nini lugha yote haikutengenezwa hivyo. Tena Mwingereza amehangaika karne kadhaa na mkoba uliosahauliwa na Somebody: uwe "his" au uwe "her"? Mwisho kaamua kuuita "their", mkoba wa mtu mmoja kaupa wingi, na wapo mpaka leo wanaomnunia. Sisi tunasema mtu kasahau mkoba wake, basi, na kama ni mke au mume tutamjua akirudi kuuchukua.

Everybody ni fundi wa namna yake. Ni wengi, lakini anashika kitenzi cha mtu mmoja: "Everybody is here." Anayeandika "Everybody are" anafikiria "wote", angefikiria "kila mtu" asingekosea, kwa kuwa kila mtu yupo, hakuna anayesema kila mtu wapo. Somo hilo nalifundisha kwa mihtasari ya mikutano. Humo Everybody hakosi: kila mtu aliridhia, kila mtu aliahidi mchango. Fungua daftari la mahudhurio utakuta majina machache na sahihi zinazofanana mwandiko. Mwaka 1969, kwenye Operesheni Rufiji, watu wa bondeni walihamishiwa vijiji vya miinuko kwa sababu ya mafuriko. Kila mtu akahama. Maji yalipopungua yakaacha tope jeusi la kulimia, kila mtu akarudi bondeni, akajenga dungu lake juu ya nguzo na kukesha humo akifukuza nguruwe. Kwenye taarifa na shambani, kitenzi ni cha umoja.

Na "some people"? Hapo sikuhitaji mfano wa kitabu. Mwanamke wa pwani akikerwa na jirani hamtaji. Anasimama uani kwake na ungo mkononi, anapepeta mchele, anasema kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu: kuna watu, wakiona mwenzao kaezeka bati hawalali. Mhusika anajijua, majirani wanamjua, kuku wanamjua. Akienda kushtaki baraza la kata ataulizwa swali moja tu: ulitajwa? Hakutajwa. Kesi imekwisha, gharama juu yake. Wanafunzi wangu wote wa kike wanazipata sentensi za "some people" bila kukosea, na sijui niwashukuru mama zao au shangazi zao.

Nobody nimemchelewesha kwa makusudi, maana ndiye kipenzi changu na ndiye anayewaumiza zaidi. Kiswahili hukanusha kwenye kitenzi: hakuja mtu. Kiingereza humbebesha Nobody ukanusho wote, kitenzi kikabaki mikono mitupu: "Nobody came." Mtoto wa Mohoro haamini kwamba ukanusho mmoja unatosha, anaongeza wa pili kwa usalama: "Nobody did not come." Kwa hesabu za mtahini, hapo kijiji kizima kimehudhuria. Mwingine anamkimbilia Anybody, anaandika "Anybody did not come", anakuta nayo imepigwa mkasi, maana Anybody hakubali kuitangulia "not". Anataka "not" ipite kwanza, yeye afuate: "I did not see anybody." Ndiyo maana nimewapa kanuni ya kienyeji: Nobody ni mzee, anatangulia peke yake na hasaidiwi, Anybody ni kijana, anasubiri mkubwa apite. Tangu hapo makosa yamepungua, ingawa mmoja aliniandikia kwenye insha kwamba babu yake ni nobody. Alikusudia heshima.

Sasa msidhani ukoo huu uliletwa huku na Waingereza. Wao walileta majina tu. Kazi ilikuwa ikifanyika zamani. Mwaka 1904 na 1905 habari za maji ya Ngarambe, dawa ya vita, zilipita Rufiji na Umatumbi kwa mnong'ono ulioitwa njwiywila. Mtu alimwambia mtu, naye akamwambia mtu. Mnong'ono wa namna hiyo haukamatiki, kwa sababu kila unayemkamata alisikia kwa mwingine. Serikali ya Wajerumani ilitaka majina, na moja ikalipata: Kinjikitile Ngwale, mganga wa maji hayo, alinyongwa hapahapa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Mwenye jina alipata kitanzi. Waliobaki kuwa "mtu" waliupeleka moto mpaka Ungoni. Vita vya Majimaji vilipokwisha mwaka 1907, hesabu ya Wajerumani ilikuwa wafu 75,000. Wanahistoria wengine wamefika mara tatu ya hapo na zaidi. Karibu wote wamo vitabuni bila majina. Hapa mwenye kusifu inabidi ameze mate: Somebody aliyewaficha wakiwa hai ndiye aliyewafukia walipokufa. Na wajukuu wao kwa miaka mingi wameisoma habari hiyo kwa Kiingereza, wakijaribu kukumbuka kama baada ya "nobody" kitenzi kinakanushwa au hakikanushwi.

Kuna Somebody mwingine ambaye tulimtunga wenyewe, tena kwa Kiswahili, akatokea huku kwetu mpaka nchi nzima ikamjua. Kati ya 2015 na 2017, Kibiti, Rufiji na Mkuranga, wenyeviti wa vijiji, watendaji na askari walikuwa wakiuawa. Tarehe 13 Aprili 2017 peke yake, Kibiti, waliuawa askari polisi wanane kwa shambulio moja. Taarifa zikasema: watu wasiojulikana. Mwalimu wa sarufi anaona mara moja umahiri wa maneno hayo. Wingi upo, ukanusho upo, kitenzi kipo, na mtu hayupo. Septemba mwaka huohuo mbunge wa upinzani Tundu Lissu akapigwa risasi Dodoma, na maneno yaleyale yakawa yameshafika huko kabla ya uchunguzi. Simba aliyeua watu zaidi ya 30 Rufiji kati ya 2002 na 2004 wananchi walimpa jina, wakamwita Osama, akasakwa kwa jina na akauawa kwa jina. Mnyama alijulikana kuliko binadamu.

Miaka ile ukimuuliza mtu usiku alisikia nini, hakusikia kitu. Jirani yake hakuona mtu. Hakuna aliyepita, hakuna aliyesema, na hakuna aliyemtuma mwenzake. Mgeni aliyetoka mjini na kamera aliandika kwamba wenyeji wa huku ni wagumu wa kuzungumza. Si kweli, tulizungumza sana. Tulitumia ukoo mzima, kwa ufasaha ambao sijaupata tena kwenye daftari lolote la mwanafunzi, na waliojibu hivyo wengi wao wapo, wanalima mpunga, wanaoza mabinti.

Lakini shughuli isiharibike. Amebaki jamaa mmoja wa ukoo huu ambaye kila Mtanzania amewahi kumwandikia: Yeyote Anayehusika. Huyu ni Anybody aliyepata ajira serikalini. Ukitaka mkopo, nafasi ya shule au kibali cha kusafirisha maiti, unakwenda kwa mtendaji, anakuandikia utambulisho, anagonga muhuri wa bluu nusu kwenye sahihi nusu pembeni, na juu kabisa anaandika kwa herufi kubwa: KWA YEYOTE ANAYEHUSIKA. Hana sanduku la posta, hana simu, picha yake haijawahi kutundikwa ukutani, na bado anaandikiwa barua nyingi kuliko waziri.

Mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili, mama mmoja wa huku ambaye shamba lake la mpunga lilikwenda na maji alinijia na barua ya namna hiyo. Alitaka nihakikishe haina makosa. Haikuwa na makosa. Akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaipachika kifuani ndani ya kanga, akapanda gari, akafika kwenye ofisi aliyoelekezwa. Akabisha hodi, akaamkiana nao, akaikabidhi kwa mikono miwili. Kijana wa mapokezi aliisoma mpaka mwisho, akaikunja ilivyokuwa imekunjwa, akamrudishia.

"Mama, anayehusika katoka kidogo."

"Anarudi lini, mwanangu?"

"Anytime."