Tondozi ya Kompyuta Kuukuu

Kuna kompyuta ambazo hata mwizi huziruka. Kasha limegeuka rangi ya chai ya maziwa, feni inakoroma, betri ya saa ilikufa zamani, kwa hiyo kila inapowashwa asubuhi kompyuta hiyo huamini kwamba ni Januari ya mwaka 2002. Ofisini itachekwa. Mtoto wa shule akipewa kama zawadi, atalia. Lakini ipelekwe karakana, iunganishwe na mashine ya kuchonga chuma yenye mota tatu, na wachekaji watatafuta pa kuficha nyuso: kikongwe huyo, mwenye kumbukumbu ndogo kuliko ya simu ya mfukoni, ataiendesha kazi ambayo laptopu mpya ya bei mbaya ingeiharibu kabla ya chai ya saa nne.

Asifiwe kwanza kwa upumbavu wake.

Ili sifa hii ieleweke, itazamwe kazi yenyewe. Mota ya hatua haizunguki ovyo. Kila pigo la umeme huisogeza hatua moja, basi. Chukua mota ya kawaida yenye hatua 200 kwa mzunguko, kila hatua igawanywe mara nane, ifungwe kwenye skrubu inayosukuma meza milimita 5 kila ikizunguka. Milimita moja inadai mapigo 320. Meza ikikimbia milimita 60 kwa sekunde, kompyuta inadaiwa mapigo 19,200 kila sekunde, na kila moja lina wakati wake. Yakichelewachelewa, mota hupoteza hatua. Na kwa kuwa mashine nyingi za bei nafuu hazina kifaa cha kurudisha habari za mahali meza ilipo, hakuna anayeambiwa. Chombo kinaendelea kukata kwa kujiamini, milimita mbili kando ya mstari, mpaka kipande cha chuma kiharibike.

Kwa hiyo hapa kasi si hoja. Hoja ni kutimiza ahadi. LinuxCNC, programu huria ya kuendesha mashine za namna hii, ina mtihani wake: inapima pigo lililochelewa kuliko yote, wala haijali wastani. Mtahini anashauriwa aisumbue kompyuta kwa makusudi wakati huo, afungue madirisha, anakili mafaili, acheze filamu. Ucheleweshaji mkubwa kabisa ukiwa chini ya mikrosekunde 15 au 20, kompyuta imefaulu vizuri. Ukifika 100, haifai kutoa mapigo yenyewe.

Na hapo ndipo vijana huanguka. Prosesa ya kisasa huokoa umeme: ikiona kazi imepungua hujipunguzia kasi, husinzia, kisha huchukua muda kuzinduka. Baya zaidi ni katizo la siri. Tangu Intel ilipoleta prosesa ya 386SL mwaka 1990, mtengenezaji wa bodi anaweza kusimamisha kila kitu, akaendesha shughuli zake za ndani, akarudisha usukani bila mfumo endeshi kujua kwamba uliondolewa kitini. Mwenye kuandika barua hataona lolote. Mwenye kuchonga gia ataona. Kompyuta mpya ni mpiga ngoma hodari anayepokea simu katikati ya harusi: akirudi, anapiga kwa ustadi uleule, ila wachezaji wamekwisha kukanyagana.

Kikongwe mara nyingi hapokei simu. Kuokoa umeme hajui sana, kulala hajui sana, na kama hana waya wa intaneti hatadai kusasishwa saa tano mchana chombo kikiwa ndani ya chuma. Hata bodi ndogo ya Intel D510MO ya karibu mwaka 2010, yenye prosesa ya Atom iliyodharauliwa kwa uzembe wake, ilipendwa mno na wajenzi wa mashine kwa sababu ilikuwa zembe kwa utaratibu uleule kila siku.

Nyuma yake kuna utukufu mwingine: tundu la printa, lile pana lenye matundu 25, lililokuja na kompyuta za IBM mwaka 1981. Laptopu za leo zimelifuta kwa aibu. Lakini programu ikiandika namba moja tu kwenye anwani yake, waya nane hubadilika papo hapo, na nyingine tano huleta habari kutoka kwenye swichi za mashine. Hakuna mjadala katikati. USB ya awali hupanga safari zake kwa vipindi vya milisekunde moja. Katika kipindi kimoja, mashine yetu ya hapo juu inakuwa imekwisha dai mapigo 19.

Asidhaniwe kuwa ana nasaba duni. LinuxCNC ilianzia NIST, taasisi ya serikali ya Marekani ya viwango na vipimo, kwa jina la EMC, na katikati ya miaka ya 1990 ilijaribiwa katika kiwanda cha General Motors. Kwa kuwa kazi za watumishi wa serikali hiyo hazina hakimiliki kwao, kila mwenye kompyuta ya zamani na mashine iliyokufa akili alirithi bila kuzaliwa katika ukoo huo.

Ndugu zake nao walionekana kazini. Huko Grand Rapids, Michigan, kompyuta moja ya Amiga ya miaka ya 1980 ilikuwa bado inaendesha joto na ubaridi wa shule 19 mwaka 2015. Programu yake iliandikwa na mwanafunzi wa sekondari. Ilizungumza na majengo kwa redio, kwa biti 1,200 kwa sekunde, na wakati mwingine mafundi walilazimika kunyamaza kwenye redio zao ili bibi amalize maneno. Joto la darasa haliulizi mikrosekunde, ni kweli, lakini heshima ni heshima. Mwaka 2013 ilijulikana pia kwamba General Electric kule Kanada ilikuwa inatafuta wajuzi wa PDP-11, ukoo wa kompyuta ulioanza kuuzwa mwaka 1970, kwa ajili ya roboti za vituo vya nyuklia zilizotarajiwa kuhudumu hadi 2050.

Ana maradhi? Nani hana. Kapasita za bodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 huvimba na kupasuka. Mgonjwa gani mwingine humwonyesha daktari kidonda waziwazi hivyo? Unga wa chuma huingia kwenye feni. Umeme anakula kama mgeni asiyeaga, na kwa hisani hiyo huipasha karakana joto.

Vijana hawakukaa kimya. Mwaka 2024 kiini cha Linux kilikubali rasmi marekebisho ya PREEMPT_RT, yanayoufundisha mfumo huo kutimiza kazi kwa wakati, baada ya takriban miaka 20 ya kungoja mlangoni, ingawa hata hayo hayalizuii katizo la siri la mtengenezaji. Dawa iliyopendwa zaidi ni nyingine: kumwajiri mjinga mwingine. Grbl, programu ya kutoa mapigo iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norwei, hukaa ndani ya kijipande cha Arduino Uno chenye kasi ya megahezi 16 na kumbukumbu ya kilobaiti 2, na hutoa hadi mapigo 30,000 kwa sekunde bila kutetereka. Laptopu ya kori nane imewekwa pembeni ya meza. Kazi iliyobakiziwa ni kutuma mistari ya maandishi, mmoja baada ya mwingine, na kungoja kijipande kiijibu “ok”.