Rudisheni Vitasa Vyetu

Wachoraji wa magari ya umeme wana muda mwingi mno. Zamani mchoraji wa gari alikuwa na mtu wa kugombana naye, yaani mhandisi wa injini. Huyu akitaka boneti fupi, yule anamwambia injini haitaingia. Huyu akitaka uso laini usio na tundu, yule anamwambia rejeta itachemka. Walibishana mpaka wakachoka, na gari likatoka kiwandani likiwa na adabu. Sasa injini imeondoka, ekzosi imeondoka, tangi la mafuta limeondoka, na mchoraji amebaki ofisini peke yake na penseli yake. Hakuna wa kumwambia hapana. Matokeo yake tunakutana nayo barabarani.

Tuanze na uso. Gari la petroli lina shoo kubwa mbele kwa sababu injini inatoa joto na inataka hewa. La umeme nalo hupoza betri na mota zake, ila hewa kidogo inalitosha, na tundu la chini ya bampa linamaliza kazi. Hapo mtu mwenye busara angeacha uso mtupu akaenda zake nyumbani. BMW hawakwenda. Gari lao la iX wamelipa shoo ya kumtisha mtoto, kisha wakaiziba, na nyuma yake wakapanga kamera na rada. Wengine wamefuta kila kitu wakaweka mstari mmoja wa taa kutoka pembe hii mpaka pembe ile, mbele na nyuma, na wote wamefanya hivyohivyo. Usiku ukiwa nyuma ya mojawapo huwezi kusema hili la Mchina, lile la Mjerumani au la Mkorea. Kumbuka sisi ni watu tuliokuwa tunaitambua Corolla kwa taa zake za breki, tukiwa ng'ambo ya barabara, chai mkononi.

Hayo ningeyavumilia, kwa sababu uso wa gari ni mzigo wa anayeligeukia, na mimi naweza kugeukia kwingine. Tatizo ni kwamba shemeji yangu, mume wa dada, amenunua moja. Jipya kabisa, bado lina harufu. Jina la kampuni silitaji, maana bado nategemea lifti. Na gari la lifti huwezi kuligeuzia uso. Unaingia ndani yake, unakaa, unasifia.

Kuingia ndiko kulikotushinda kwanza. Jumamosi moja tulikuwa tunakwenda harusini Tegeta, na mama yangu mzazi alikuwa nasi, kitenge kimepigwa pasi, kilemba kimesimama. Akaufikia mlango, akanyoosha mkono, akakuta bati tupu. Vitasa vya gari hilo vimelala ndani ya mlango, na hujitokeza mwenye gari akisogea na simu yake. Simu ya mwenye gari ilikuwa sebuleni kwenye chaji.

"Baba, mlango wako unafunguliwa wapi?"

"Subiri kidogo, mama, linanitambua mimi nikija na simu."

"Na mimi je, halinitambui?"

"Bado halikujui, mama."

"Basi liambie mimi ndiye niliyemzaa mke wako."

Shemeji alikimbia ndani kufuata simu, na suti yake, na jasho lake. Mkwe kusimamishwa juani mbele ya mlango uliofungwa ni jambo ambalo ukoo wetu unaweza kulizungumza mpaka mwakani.

Nimeulizia sababu ya vitasa kufichwa, nikaambiwa ni upepo. Gari likiwa laini, hewa haikwami popote, na betri inakwenda mbali zaidi. Mercedes EQS ilipotoka mwaka 2021 ilitamba kwa kipimo cha ukinzani wa hewa cha 0.20, na kweli ni laini, limekaa kama sabuni iliyokwisha kuogewa wiki nzima. Sibishani na fizikia. Ila mchango wa kitasa katika habari hiyo ni mdogo sana, na hewa ya Barabara ya Bagamoyo saa kumi na moja jioni haina haja ya kupitishwa vizuri, kwa sababu gari limesimama.

Tukaingia. Ndani hamna kitu. Nasema hivyo nikiwa nimeangalia mara ya pili. Kuna usukani, kuna ubao mrefu uliosafishwa, na katikati kuna skrini. Batani ya feni haipo. Swichi ya redio haipo. Hata yale matundu ya kutolea upepo, ambayo kwenye gari langu unayasukuma kwa kidole yakaangalia kule unakotaka, kwenye gari hili yanaamrishwa kwenye skrini. Mama ana magoti. Upepo ukampiga magotini, akaomba kwa upole uelekezwe kwingine. Shemeji akagusa picha ya feni, ikafunguka picha ya gari, akagusa picha ya gari, ikatokea orodha ya rangi za taa za ndani. Hapo tuko Mwenge, bodaboda kushoto, bajaji kulia.

"Vumilia, mama, tukifika kwenye foleni nitaizima."

Nimeishi Dar es Salaam tangu nizaliwe, na sikuwahi kumsikia mtu akiomba foleni.

Watu watasema nazeeka. Basi nitawaletea Waswidi, ambao hawana sababu ya kunipendelea. Mwaka 2022 jarida lao la magari, Vi Bilägare, lilichukua magari mapya ya skrini likayashindanisha na Volvo V70 ya mwaka 2005, gari la batani tupu. Dereva anakwenda kilomita 110 kwa saa, anatakiwa kufanya mambo madogo ya kawaida: kuwasha joto la siti, kubadili stesheni ya redio, kupunguza mwanga wa dashibodi. Ile Volvo kuukuu ilimaliza yote ndani ya sekunde 10. Gari la mwisho katika mashindano, la umeme, lilichukua karibu sekunde 45, na katika muda huo lilikuwa limekwenda kilomita 1 na mita 372, dereva akisoma skrini. Huko Uswidi walifanyia kwenye uwanja wa ndege usiotumika. Kwetu katika kilomita moja na ushee kuna matuta, kivuko cha shule, mama anayeuza mahindi ya kuchoma, na daladala ambalo limesimama bila kukuambia.

Wauzaji wanakwambia huo ni usafi wa kisasa. Ni ubahili umevaa suti. Kila batani inataka kinu chake cha kufinyanga plastiki, waya wake, taa yake, na mtu wa kuibonyeza maelfu ya mara kuona kama itavunjika. Skrini lazima iwepo hata hivyo. Marekani peke yake inalazimisha kila gari dogo jipya liwe na kamera ya nyuma tangu 2018, na picha ya kamera hiyo inahitaji pa kuonekana. Kwa hiyo mhasibu akamnong'oneza mchoraji: mradi skrini tunayo, tupia humo kila kitu. Mchoraji akafurahi, maana batani zilikuwa zinamharibia mistari. Ile EQS unaweza kuinunua na kioo kimoja cha sentimita 141 kutoka mlango mpaka mlango. Televisheni ya sebuleni kwangu haifiki hapo, na yenyewe haina kazi ya kutazama waenda kwa miguu.

Tesla walikwenda mbali zaidi. Model 3 waliyoifanyia marekebisho mwaka 2023 waliiondolea kijiti cha indiketa. Badala yake waliweka vitufe viwili juu ya usukani, upande wa kushoto. Barabara ikiwa imenyooka hakuna neno. Sasa ingia kipilefti: usukani umeuzungusha, vitufe vimezunguka nao, na cha kutokea unakitafuta kule kilikohamia. Wanunuzi walilalamika, na Model Y mpya ya mwaka 2025 ikatoka na kijiti chake mahali pake. Hakuna aliyeomba kiondolewe, na aliyekirudisha akapigiwa makofi.

Ukitaka kuona mchoraji aliyeachwa bila mlezi, mtazame BYD Atto 3, gari linalouzwa Kigali na Nairobi. Ndani yake wamechora kwa kufuata jimu na muziki. Matundu ya hewa yamechongwa kwa umbo la vyuma vya kunyanyulia. Kwenye mifuko ya milango wametandika nyuzi za kuzuia vitu visianguke, na ukizicharaza zinatoa sauti, kila uzi na noti yake. Skrini inazunguka, ikasimama au kulala, kwa amri ya kidole. Karaoke ipo. Mimi jimu nimeikwepa maisha yangu yote kwa juhudi kubwa, sasa inanifuata mpaka kwenye gari. Na aliyeweka nyuzi za muziki mlangoni, upande wanaokaa watoto, bila shaka hajawahi kusafiri na watoto kutoka Dar mpaka Moshi. Lakini nakiri nililipenda zaidi kidogo kuliko yale matupu. Ni upuuzi, ila upuuzi wenye kitu cha kushika.

Turudi Tegeta, maana jua lilikuwa limetukamata. Gari la shemeji lina paa la kioo kitupu, mbele mpaka nyuma. Chanzo chake ni betri: imelazwa chini ya sakafu, sakafu imepanda, abiria amepanda nayo, na kichwa kikakosa nafasi. Kioo ni chembamba kuliko bati lenye kitambaa chake, kwa hiyo wakakiweka juu wakapata sentimita chache. Kioo chenyewe wamekitia giza kupunguza joto, na huko walikokichora naamini kinapunguza. Sisi saa saba mchana tulikaa na utosi unaochemka huku miguu inapigwa na kiyoyozi. Mama alitoa khanga kwenye mkoba akajifunika. Shemeji baadaye aliagiza pazia la paa, linauzwa peke yake, na bei yake si ya mchezo. Kwa maneno mengine alilipa kuwekewa kioo, kisha akalipa tena kukiziba.

Siti ni nyeupe. Narudia: nyeupe, katika nchi ya ubuyu mwekundu. Muuzaji alijigamba kwamba ngozi ile haikutoka kwa mnyama yeyote. Kariakoo ngozi ambayo haikutoka kwa mnyama yeyote huwa ni plastiki, na mteja hupunguziwa bei. Mpwa wangu wa miaka minne hakusubiri maelezo. Alikuwa na pakiti yake mfukoni. Dada amenikataza kuandika kilichofuata, ila niseme tu kwamba siti ya nyuma kulia sasa ina foronya.

Haki itendeke. Sakafu ya nyuma ya magari haya ni tambarare, haina ule mgongo wa katikati ambao nimeukalia utoto wangu wote kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko kaka zangu. Anayekaa katikati sasa ana pa kuweka miguu miwili. Kiyoyozi kinashika haraka, na gari likisimama kinaendelea bila kuunguza petroli. Ukimya nao ni mzuri, isipokuwa kwamba mama alisikia kila nilichomnong'oneza shemeji.

Na watengenezaji wenyewe wameanza kurudi nyuma. Volkswagen wamesema hadharani kwamba batani za feni, sauti na joto zinarudi kwenye magari yao mapya. Euro NCAP, wale wa Ulaya wanaopima usalama wa magari kwa nyota, kuanzia 2026 wanambana anayetaka nyota tano: indiketa, waipa, honi, taa za hatari na kitufe cha kuomba msaada viwe vitu vya kushikika. China, nyumbani kwa vitasa vya kujificha, imeweka kanuni kwamba kuanzia 2027 milango ya modeli mpya za magari lazima ifunguke kwa kitasa cha mkono, nje na ndani, hata umeme ukiwa umekatika. Haikuwa habari ya urembo. Gari likigonga na umeme ukazima, kitasa cha umeme hubaki kimelala palepale, na mwokoaji yuko nje anapapasa bati.

Wewe uliyejichanga na sasa unakwenda kulitazama la kwako, usiende jioni taa zao za rangi zikiwa zinakurembulia. Nenda saa saba mchana, na mtu mzima mwenye magoti. Mkae nyuma chini ya kioo, milango ifungwe, kisha mwambie muuzaji azime kila kitu na akuonyeshe unatokaje. Kama atakuomba umpe dakika atafute kitabu cha maelezo, mshukuru, toka kwa mlango wa dereva, hela rudi nazo nyumbani.