Nta ya Marehemu Mama Mkwe

Bakuli lenyewe ni la mninga, limechongwa kwa kipande kimoja, na marehemu mama mkwe, aliyelimiliki kwa miaka mingi, alikuwa kila likipauka hulipaka nta ya nyuki pasipo kuiondoa ile ya zamani, hata likawa tabaka juu ya tabaka, jeusi, lenye kunata, na ukilishika kwa kidole gumba alama hubaki mfano wa mkataba uliotiwa sahihi. Mke wangu aliazimia kulipakulia loshoro, kwa kuwa shangazi yake alitarajiwa kuteremka kutoka Poli siku ya Ijumaa. Nami, mkazi wa Kaloleni, jirani ya makumbusho ya Azimio la Arusha, niliona haya kumlipa fundi kwa kazi ya kukwangua nta, ilhali tumeusiwa kujitegemea tangu mwaka 1967.

Nikaanza na maji ya moto. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa: nta ya nyuki huyeyuka kwa joto la nyuzi 62 hadi 64, na maji, japo huku kwetu, mita 1,400 hivi juu ya bahari, huchemka kabla hayajatimu 100, yanatosha na kubaki. Nikalizamisha bakuli katika sufuria ya pilau. Nta ikatoka kwa utiifu, ikaelea juu kama mafuta ya mchuzi. Nikahimidi, nikaliinua bakuli, nalo likapita katika utando ule ule likatoka limevaa upya, safari hii ndani na nje, na sufuria imepata joho lake. Mti ulipokauka, nywele zake zikasimama kama za mtu aliyekutana na jini kisimani.

Hapo kujitegemea kukafika kikomo. Fundi seremala wa mtaa wa pili alilipapasa, akalinusa, akauliza kwa upole wa tabibu, "Shehe, hili hukulitia maji ya moto?" Nikamjibu kuwa lilinyeshewa. Akaniagiza nipashe kijiko moto, nikipitishe juu ya karatasi ya kaki ili karatasi inyonye nta. Kisha nisugue kwa kitambaa chenye tapentaini, nimalizie kwa msasa laini, na nilianike siku kadhaa hata harufu iishe. Akaongeza kuwa wazee walitumia jani la mti uitwao msasa, nalo ndilo lililoirithisha karatasi jina. Na katika elimu yote niliyoipata juma lile, hiyo peke yake haikunigharimu kitu.

Kijiko nilikiona kina ajizi, nikatwaa pasi. Lakini pasi ni bapa na bakuli ni shimo, basi nikawa naingiza pua yake tu, nikiizungusha kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Karatasi ilikunywa nta mpaka ikakinai. Iliyobaki ikapanda kwenye pasi, nami nikaipangusa hima hima kwa shati langu, nikairudisha mahali pake kabla mama watoto hajarejea kutoka soko la Kilombero.

Ijumaa ilipowadia bakuli lilikuwa bado dirishani, linanukia kama karakana. Mama watoto akatoa mabakuli ya plastiki bila kutamka neno, jambo ambalo kwa mwenye ndoa ni hotuba, kisha akanipigia pasi kanzu, nami nikaivaa kwa haraka nikaenda zangu.

Tulipotoka msikitini nikahisi mkono begani. Alikuwa fundi, aliyeswali safu ya nyuma yangu, na macho yake yalikuwa yametua mgongoni pangu, penye umbo la pasi, kamili hata pua yake.

"Shehe," akaninong'oneza, "karatasi ya kaki ungali nayo?"