Namna ya Kufurahi Ukubwani Bila Kuzua Maswali

Kwanza, jifunze kujibu salamu. Ukiulizwa hali, usije ukasema "nzuri sana, leo nina raha." Sema "tunapambana", au lile la heshima zaidi, "namshukuru Mungu, hivyo hivyo tu," kisha shusha pumzi. Mtu mzima anayekiri hadharani kwamba ana raha hutafutiwa sababu: amekunywa, amepandishwa cheo, au mkeka umetiki. Ukiteleza ukakiri, kaa tayari. Kabla ya magharibi kuna ndugu atakupigia kukujulia hali, na hali yenyewe itakuwa elfu hamsini, atarudisha mwisho wa mwezi.

Pili, tafuta mtoto. Wa kwako ni bora, lakini wa kuazima anafaa. Mtu wa miaka arobaini anayejenga nyumba ya mchanga peke yake pale Coco Beach ni wa kuitiwa ndugu zake. Akiwa na mtoto, ni baba wa mfano. Chagua mwenye miaka kati ya minne na minane: mdogo zaidi atalala, mkubwa zaidi atakuonea aibu. Kunja suruali hadi chini ya goti. Shika viatu vya mtoto mkononi ili uonekane uko kazini. Wimbi likija, piga kelele kwa niaba yake. Mihogo ya kukaanga nunua "ya mtoto", na uombe iwekwe pilipili nyingi, ambayo mtoto hali. Angalizo: mtoto atachoka kabla yako, na akishasema "twende nyumbani" huna tena kibali cha kubaki majini.

Tatu, uwe na timu. Hapa sina la kukufundisha. Yanga ipo tangu 1935, Simba tangu 1936, na tangu hapo mhasibu mwenye kitambi anaruhusiwa kumrukia asiyemjua, wakakumbatiana na kulia machozi. Kasoro ni moja tu: furaha yako umeikabidhi kwa golikipa.

Nne, bao. Lina mashimo 32 na kete 64, na hesabu zake ni nzito kiasi kwamba mchezaji huonekana anawaza ada ya shule. Hilo ndilo unalolitaka. Kaa barazani, kunja uso, usicheke hata ukiila nyumba ya mwenzako. Simu ya nyumbani ikiita, usithubutu kutamka "nacheza", sema "kuna mzee nazungumza naye." Ukibanwa zaidi, mtaje Mwalimu Nyerere, ambaye naye alilipenda bao. Utajibiwa kwamba Mwalimu alikuwa ameshaleta uhuru.

Tano, harusi. Hii ndiyo furaha rasmi, yenye mwenyekiti, katibu na mhazini, kwa hiyo ipe muda. Kikao kinaitishwa saa kumi jioni, maana yake saa kumi na mbili. Patakuwa na kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, ahadi na fedha taslimu, halafu mengineyo. Usiyadharau mengineyo, ndiko vinywaji viliko. Toa ahadi inayozidi uwezo wako, kwa sauti, ukiwa umesimama. Baada ya miezi kadhaa ya kukumbushwa kwa ujumbe unaoanza na "Ndugu mpendwa", utapewa kadi: singo kama ulilipa, dabo kama ulilipa ukaumia. Siku yenyewe keti ulipopangiwa, subiri MC alitaje kundi lenu, kisha inuka ukacheze kuelekea kwa maharusi. Mikono mitupu huwezi kucheza, utaonekana una lako jambo. Tafuta boksi la zawadi ushike kona. Boksi la blenda moja linawatosha watu wazima tisa; wa kumi humshika bega aliyeshika. Hatua mbili mbele, moja nyuma, na usikimbilie kufika, maana ukishakabidhi boksi umekwisha: unarudi kitini kwa mwendo wa mtu aliyetoka benki kukataliwa mkopo. Ujue pia kwamba meza za nyuma kabisa, yaani yako, hufikiwa na wali wakati kuku ameshapita.

Sita, marafiki. Andika kwenye kundi la WhatsApp: "Jamani tuonane, tumepoteana mno." Wote watajibu, "kweli kabisa, tupange." Hapo zoezi limekamilika. Usiwe mshamba ukataja tarehe. Ukitaja, kundi litakaa kimya wiki nzima, na ujumbe utakaofuata utakuwa wa msiba.

Saba, nenda kwenye huo msiba. Ndipo mtakapoonana wote, chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki, mkikumbushana vituko vya shule huku mmeziba vinywa kwa leso. Wazee waliliona hili zamani wakaweka utani. Mnyamwezi kwa Mzaramo, Mpare kwa Mchaga: mtani anaruhusiwa kuigiza marehemu alivyokuwa akitembea, kudai deni ambalo halijawahi kuwepo, hata kuzuia mazishi mpaka apewe chochote, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Yaani tumeandaa kibali kamili cha watu wazima kucheka, tukakiweka makaburini. Basi kitumie. Ulizia mapema watani wako ni akina nani na wanakaa mtaa gani. Wakianza, cheka nyuma ya wanaocheka, usitangulie. Na mtani akikudai, mlipe papo hapo. Usimwambie aje kesho. Atakuja na ndugu zake, na hakuna hata mmoja atakayekuwa amekula.